Mtoto wa mdogo wangu hatulii darasani. Ni unga aliotumia mama yake akiwa mjamzito?

Mama Mkubwa
Habari za humu jamvini. Nalea mtoto wa mdogo wangu, wa kiume, ana miaka saba. Mama yake alikuwa anatumia unga, yaani heroini, aliposhika mimba. Kliniki wakamwanzishia methadoni, dawa wanayopewa waraibu badala ya unga, na akajifungua akiwa bado kwenye dozi. Sigara hakuacha. Siku ya pili hivi mtoto akaanza arosto: kilio chembamba kisichokatika, mikono inatetemeka, chafya mfululizo, ziwa analishika na kuliachia. Wakamtibu, tukaruhusiwa.

Sasa ameanza shule. Ukimwambia, "Vua viatu, weka begi, kanawe mikono," utamkuta kasimama mlangoni na kiatu kimoja mkononi, anakutazama. Si jeuri, maana ukimkumbusha anakwenda mbio. Lakini mpe tochi mbovu! Ataifungua yote, atapanga skrubu kwa ukubwa, na hata ukimwita kula hasikii. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa.

Mwalimu wake alipojua historia akaniambia watoto wa namna hiyo ubongo umeshaharibika, nisijisumbue. Mdogo wangu, ambaye unga ameacha na methadoni anakunywa bila kukosa, naye anaamini hivyo hivyo. Akija kumwona mwanawe hawezi hata kumtazama usoni. Wenye ujuzi naomba mnieleze, kuna ukweli gani hapo?

Kisiki
Mtoto wa kiume wa miaka saba atulie ana nini? Fimbo mbili tatu atanyooka. Sisi tulilelewa hivyo.

Nesi wa Usiku
Kisiki ndugu yangu, fimbo haimkumbushi mtu agizo la tatu.

Mama Mkubwa, pole na hongera kwa malezi. Nimefanya kazi wodi ya watoto wachanga kwa miaka mingi, nitasema ninachokijua. Kwanza ile arosto. Ilitokea kwa sababu dawa iliyokuwa ikimfikia kupitia kondo ilikatika kitovu kilipokatwa. Inatibika na inapita. Ukali wake pia haukwambii mtoto atakuwaje shuleni. Nimewaona waliotetemeka vibaya sana wakakua vizuri. Na mdogo wako asijilaumu kwa methadoni. Mjamzito akiacha ghafla anaweza kupata uchungu kabla ya wakati, au akarudia unga wa mtaani asioujua una nini ndani. Kumweka kwenye dozi ndiyo tiba inayoshauriwa.

Kuhusu "ubongo umeharibika", hiyo hofu ni ya zamani. Marekani miaka ya 1980 walitangaziana kwamba watoto wa kina mama waliotumia kokeini ni kizazi kilichopotea. Daktari Hallam Hurt kule Philadelphia akawafuatilia watoto 224 waliozaliwa kati ya 1989 na 1992, karibu nusu wakiwa wamepitia kokeini tumboni na wengine hawakupitia, wote wa familia maskini. Walipofika miaka minne akapima akili zao: wa kokeini wastani 79, wenzao karibu 82. Makundi yote mawili yalikuwa chini ya wastani wa nchi! Umaskini ulikuwa umewabana wote kuliko dawa yenyewe.

Sisemi hakuna kitu. Tafiti za kokeini na za jamii ya heroini zinaonyesha tofauti ndogo ndogo, hasa kwenye kushikilia umakini kwa muda mrefu na kujizuia, na nyingi huonekana shule inapoanza kudai kukaa na kusikiliza. Ila kumtoa unga peke yake ukasema huyu hapa ndiye mkosaji ni kazi ngumu. Kuna sigara, kuna uzito mdogo wa kuzaliwa, kuna anachorithi, kuna kuhamishwa mikononi mwa huyu na yule.

Hizo skrubu zisikuchanganye. Kutulia kwenye kinachomvutia ni jambo moja; kubeba maagizo matatu kichwani huku anatembea ni jingine, na wenye shida ya umakini wengi wako hivyo hivyo.

Sasa swali ambalo hujaligusa: pombe. Watu wakisikia unga wanasahau kuuliza pombe, wakati kwa ubongo wa mimba pombe ndiyo yenye ushahidi mzito kuliko hizo nyingine. Madhara yake hayafutiki, na mtoto anaweza kuwa nayo bila alama yoyote usoni. Kumbukumbu, hesabu, kuelewa kwamba nikifanya hili litafuata lile: huko ndiko inakogusa. Muulize mama yake kwa upole, si kwa kumhukumu.

Na kabla ya yote apimwe masikio, macho na damu. Makengeza na matatizo mengine ya macho huonekana zaidi kwa watoto waliopitia dawa za jamii ya heroini, na asiyeona ubao vizuri atahangaika tu.

Mwalimu wa Chekechea
Naunga mkono. Mwalimu mwenzangu kakosea kumkatia tamaa mtoto. Omba akae mbele, mbali na mlango na dirisha. Agizo moja, alimalize, ndipo lije la pili. Nyumbani chora picha tatu, kiatu, begi, bomba, ubandike mlangoni usawa wa macho yake, ili wewe uonyeshe kwa kidole tu. Kazi ya kuandika ikatwe vipande, na katikati mtume akufutie ubao.

Mama Mkubwa
Asanteni sana. Picha nimebandika, ya begi kaichora mwenyewe na zipu yake. Macho ameandikiwa rufaa, jicho la kushoto linakwenda pembeni akichoka. Mdogo wangu nimemuuliza. Alinyamaza, kisha akasema alikunywa miezi ya mwanzo, kabla hajajua kama ana mimba, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Hilo nimwambie daktari?

Nesi wa Usiku
Mwambie, na mama mtu akikubali aende mwenyewe aeleze alikunywa nini na kwa kiasi gani. Bila maelezo hayo, kama mtoto hana alama usoni, daktari hawezi kuthibitisha kuwa ni pombe, na mpango wa kumsaidia shuleni unabadilika ikithibitika. Shule usiwape historia yote. Wape karatasi ya daktari inayosema mtoto anahitaji nini, inatosha.