Kugawa diski baada ya Windows kuingia: C inakataa kupungua

Swali

Salaam wakuu. Laptopu yangu ina diski ya TB 1, Windows inaisoma GB 931. Aliyenipigia Windows 10 hakuigawa, kila kitu kimo ndani ya C. Zilizotumika hazifiki GB 90. Nina picha za marehemu mama tangu 2009 na sina kopi nyingine popote. Nataka zikae D, ili siku Windows ikigoma niweze kufomati C bila kuzigusa.

Nimeambiwa haiwezekani mpaka nifute yote nianze upya. Hata hivyo nilijaribu: nikabonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, nikaandika diskmgmt.msc, nikabofya C kwa kitufe cha kulia, nikachagua "Shrink Volume". Ikaniambia naweza kupunguza MB 14,210 tu. Nafasi tupu inapita GB 840, hizo nyingine zimekwenda wapi? Nimefunga kwa hofu.

Jibu la 1

Pole kwa kuondokewa na mama. Usifute chochote. Tangu Windows Vista, kuipunguza C huku mfumo wenyewe ukiwa unafanya kazi kunawezekana bila programu ya nje.

Kabla ya yote, nakili picha hizo kwenye diski ya nje, kisha fungua chache kutoka huko uhakikishe zinafunguka. Umeme ukikatika katikati ya kazi hii, unaweza kupoteza vyote. Nakuomba usiende hatua inayofuata kabla ya hapo.

Sasa hizo MB 14,210. Chukua mkeka: unaukunja kuanzia ukingoni, na mtu akiwa amekaa karibu na ukingo, hukunji kupita alipokaa, hata katikati pakiwa patupu. Kwenye C yako kuna faili limekaa karibu na mwisho wa diski, na Windows haiwezi kulisogeza. Mara nyingi ni pagefile.sys (Windows huitumia kusaidia RAM), hiberfil.sys (huhifadhi kazi zako kompyuta ikilazwa kwa "hibernate") au zile kumbukumbu za kurejesha mfumo (System Restore).

Usibahatishe ni lipi. Kila unapojaribu kupunguza, Windows huandika. Fungua eventvwr.msc, ingia Windows Logs, kisha Application, utafute tukio namba 259. Litakutajia faili la mwisho lililozuia. Lete jina lake hapa.

Jibu la 2

Naongezea, mkuu. Kabla ya kukata, hesabu visanduku vilivyopo kwenye mstari wa diski hiyo ndani ya diskmgmt.msc; kila kimoja ni patisheni, yaani kipande cha diski. Kama diski ni ya MBR (mpangilio wa zamani wa kugawa diski), mwisho ni patisheni kuu nne. Ukiongeza ya tano, Windows itakuomba iigeuze diski kuwa "dynamic". Kataa, maana kurudi nyuma kwa njia ya kawaida ni mpaka ufute patisheni zote. Ikiwa ni GPT (mpangilio mpya), usiwe na wasiwasi, Windows inakubali hadi 128.

Muulizaji

Ni GPT. Picha nimeshanakili nje, na nimefungua za kila mwaka.

Tukio 259 lilitaja hiberfil.sys.

Jibu la 1

Hilo ni rahisi. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika powercfg /h off, kisha washa upya. Faili litaondoka lenyewe. Ukibanwa tena, soma 259 upya. Likitaja System Volume Information, folda zinamokaa zile kumbukumbu za kurejesha, zima System Restore kwa muda. Kumbuka ukifuta kumbukumbu za kurejesha hazirudi, ndiyo maana nilitaka picha zitoke kwanza.

Usiinyime C nafasi. D itakaa kulia kwake, na siku C ikikubana huwezi kuiongezea kwa njia ya kawaida bila kuiondoa D.

Muulizaji

Kweli, mara ya pili 259 likataja System Volume Information. Nikazima, nikarudia, ikaniruhusu MB 481,530! Nikaandika 409600, yaani GB 400. Ukatokea mstari mweusi. Nikabofya hapo "New Simple Volume", NTFS, herufi D. Sikufuta hata faili moja. Nimeshawasha System Restore, na powercfg /h on nimeandika.

Swali la mwisho: sasa picha zikiwa D, naweza kuzifuta kwenye diski ya nje? Naihitaji kwa kazi nyingine.

Jibu la 1

Hapana, ndugu yangu, tafadhali. C na D ni herufi mbili juu ya diski moja. D inakukinga ukifomati C, lakini diski ikifa zinakufa zote mbili. Mimi nilikuwa na C, D na E, nikajiona salama kabisa. Asubuhi moja diski ikaanza kugonga, tk, tk, tk, na kompyuta haikuiona tena. Sauti ya baba akisimulia utoto wake, saa nzima niliyoirekodi, ilikuwa E.

Muulizaji

Nimekuelewa, na pole sana. Diski ya nje nimeiandika "Mama", naifungia kabatini, kazi nyingine nitaitafutia diski yake. Sasa hivi folda ya 2009 inahamia D, imebakiza dakika 11.