Des Moines: mto tuupambe kwanza au tuusafishe kwanza?

Mtoa mada

Wadau, salamu. Naleta hapa ubishi wa Jumapili baada ya ibada, maana tuliuacha njiani.

Kwa walio mbali: hapa Iowa, Marekani, mto Raccoon unaingia kwenye mto Des Moines katikati kabisa ya mji wetu, nao unaitwa Des Moines. Watu wanazidi kuhamia. Kule Ankeny na Waukee, palipokuwa na mahindi juzi leo pana nyumba. Na upo mpango, ICON Water Trails, wa kuondoa vile vizuizi vya zege vilivyokatisha mto na kuweka maporomoko madogo ya kuchezea kayaki.

Sipingi starehe. Gray's Lake naipenda, ukiizunguka jioni utasikia Kiswahili, Kirundi na Kihispania kabla hujarudi ulipoanzia. Ninachosema ni kwamba maji yenyewe yatangulie.

Juni 2025 tulipigwa marufuku kumwagilia majani ya uani, na mto ulikuwa na maji tele. Naitreti, yaani kemikali ya mbolea na samadi inayoyeyuka majini, ilipanda mno mtoni, mitambo ya kuiondoa ikaelemewa na mahitaji ya watu kama 600,000. Maji ya bomba yalibaki ndani ya kiwango cha miligramu 10 kwa lita, nawashukuru mafundi. Lakini wiki ile mama mkwe wangu alibandika sufuria ya maji ya maziwa ya mjukuu, akayaacha yatokote mpaka yakapungua robo. Ndivyo tulivyozoea kambini. Nikamwambia, "Mama, kwa hili moto hausaidii." Mvuke unaondoka, naitreti inabaki na kukolea, na ikizidi huzuia damu ya mtoto mchanga kubeba oksijeni. Alikaa kimya akiiangalia ile sufuria. Sijasahau.

Naitreti nyingi inatoka mashambani: mbolea ya mahindi na samadi ya nguruwe, ikipitia mabomba yaliyofukiwa ardhini kukausha mashamba. Mwaka 2015 mamlaka ya maji ya mji iliwashtaki wasimamizi wa mabomba hayo katika kaunti tatu, Sac, Calhoun na Buena Vista. Mwaka 2017 kesi ikatupwa.

Semeni.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, vile vizuizi vinaua watu. Maji yakidondoka pale yanajikunja, yanamrudisha mtu chini tena na tena, hata aliyevaa boya. Kwa hiyo tungoje wakulima wa huko juu wakubali ndipo tuokoe watu wetu? Halafu nani atapigania mto ambao hajawahi hata kuutia mguu? Wacha watoto wauchezee, wakikua watauliza maswali yako.

Mchangiaji wa pili

Mimi navua pale Scott Avenue, leseni ninayo. Kambale hukusanyika chini ya kizuizi, hapo ndipo sisi tusio na mashua tunapata kitoweo. Wenye kayaki mmewasikiliza. Sisi wenye ndoo ametuuliza nani?

Mtoa mada

Ndugu wa kwanza, kwenye vifo umenishinda. Viondolewe, hata kesho. Ila hoja ya watoto naipokea nusu tu: kuogelea mtu hadhuriki na naitreti, lakini samadi hiyohiyo hubeba vijidudu, na mtoto anayejifunza kayaki hunywa mto kila akipinduka. Ningetaka kila fedha inayoombwa kwa ajili ya kingo za mjini iende na nyingine ya kulipia mikanda ya majani kandokando ya vijito, na mazao ya kufunika udongo baada ya mavuno. Kaunti yetu ya Polk imeshaanza kuwajengea wakulima mikanda ya namna hiyo, kwa gharama ya umma, na wapo waliokubali. Kwa hiyo si ndoto.

Ndugu wa ndoo, wewe umeniamsha, hilo sikuliwaza kabisa. Kukiwa na kikao cha wananchi niambie, nitakuja kukaa pembeni yako nikutafsirie.