Kimbunga kikija, watu wa pwani waamriwe kuhama lini?

Mwanaujiji: Wakuu, Mei 2024 kimbunga Hidaya kinakuja mimi niko hapa Ujiji, Kigoma, dada yangu yuko Dar bondeni Jangwani na watoto watatu, TMA, watu wa hali ya hewa, wanatangaza, boti za Zanzibar zimesimamishwa, ananipigia, kaka nihame nisihame? Sikuwa na jibu. Mimi nasema amri itoke siku mbili kabla, na iwe amri sio ushauri. New Orleans, Marekani, 2005 meya kaja kutoa amri ya lazima Jumapili asubuhi, kimbunga Katrina kikapiga Jumatatu asubuhi, wasio na gari wakabaki, wakafa watu zaidi ya elfu.

Reli ya Kati: Siku mbili kabla hata kimbunga hakijaamua kinapita wapi. Jobo 2021 si tulitishwa, kikafika kimeishiwa nguvu. Halafu samahani, watu wa Kigoma na vimbunga wapi na wapi, nyie mna bwawa la dagaa tu.

Mama Mgebuka: BWAWA?? Ziwa Tanganyika kina chake karibu mita 1,470, duniani linazidiwa na Baikal peke yake, na wewe mtu wa maembe ya Tabora ndo uliite bwawa. Mdogo wangu upepo ulimkuta usiku katikati ya maji, karabai zote zikazimika, karudi kesho yake mchana amekumbatia ubao. Omba radhi.

Reli ya Kati: Dada sijamtukana mtu, kimbunga kinataka bahari yenye joto, ndo nilichosema.

Mama Mgebuka: Radhi bado sijaiona.

Kijana wa Katonga: Tuache hayo kidogo. Houston, Marekani hukohuko, mwaka huohuo 2005, kimbunga Rita, watu wameshaona ya Katrina wakaingia barabarani mamilioni kwa mpigo, joto kali, mafuta yakakata, basi la wazee likaungua, waliokufa kwenye kukimbia wakawa wengi kuliko waliouawa na kimbunga chenyewe. 2017 Harvey ilipokuja meya wa Houston hakutoa amri ya kuhama, na maji yakaingia majumbani. Kwa hiyo usiamuru mji mzima, anza na mabondeni na ufukweni.

Mwanaujiji: Dada yangu yuko hukohuko bondeni, bado hamjaniambia lini. Mmeng'ang'ana na bwawa.

Mzee wa Kibirizi: Wanangu, ziwa lilipopanda hadi nyumba za mwaloni zikaingia maji tuliambiwa tuhame. Amri niliisikia siku ya kwanza, nikakaa siku nne. Watu wakasema mzee mbishi. Ningeacha mashine ya boti na nyavu nimuachie nani? Usiku mmoja tu huzikuti. Nilitoka siku kijana wa jirani alipoleta mkokoteni na mgambo akakubali kulala pale.

Reli ya Kati: Shikamoo mzee wangu. Hapo kwenye mkokoteni umenigusa. Ila ziwa linapanda miezi, kimbunga kinakupa masaa.

Mama Mgebuka: Haya, leo limekuwa ziwa.

Mwanaujiji: Ndo maana nasema siku mbili, mkokoteni haupatikani kwa masaa. Dada alikuwa na elfu nne mkononi, nikamtumia nauli, akafika kwa shangazi Kibamba saa tano usiku na mvua na watoto. Kwenye nyumba ile wapangaji wako wengi, na wengine hawana kaka Ujiji wa kuwatumia.