Msaada wa kompyuta 40 kutoka Marekani: tuandike nini kwenye makubaliano?

Mwl_Tehama
Wakuu, wafadhili wa Marekani wanataka kuipa shule ya serikali kompyuta 40 za mezani zilizotumika. Chumba kipo, umeme ni volti 230, intaneti hakuna. Tudai nini kabla ya kusaini?

FundiWaya
Mwalimu, anza na umeme. Mashine na skrini yake, piga wati 150. Mara 40 ni wati 6,000. Soketi ya ampia 13 inabeba wati 2,990 tu. Ukitundika mashine 20 kwenye ekstensheni moja, plagi inachemka, plastiki inageuka kahawia, mwisho inayeyuka. Vuta laini nne, mashine kumi kumi, kila laini na breka yake.

Halafu geuza kila mashine uitazame mgongoni. Pawasapulai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine) nyingi za zamani zina kiswichi chekundu kando ya tundu la waya, kimeandikwa 115 na 230. Mashine ya Marekani huja ikiwa kwenye 115. Ukiichomeka hivyo hivyo inalipuka palepale, kwa hiyo kagua moja moja, usimwachie mtu mwenye haraka.

Seva_Darasani
Naongezea spea: pawasapulai 4, kibodi 6, mausi 10, na betri za CR2032 zote 40. Hiyo betri bapa ya kwenye mathabodi (bodi kuu ya kompyuta) ikifa, saa hurudi nyuma miaka mingi kila umeme ukikatwa. Siku mkipata intaneti, kivinjari kitakataa kurasa kwa madai kwamba vyeti vya usalama si halali, na watu watalaumu mtandao bure.

Kukosa intaneti si kikwazo. Mashine moja yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) kubwa iwe seva, yaani mashine mama, ya Kolibri, programu ya masomo isiyohitaji intaneti; nyingine ziingie kwa kivinjari kupitia swichi ya matundu 48, kile kifaa cha kuunganisha kompyuta kwa nyaya. Masomo yapakuliwe kwingine, yaje kwa diski ya nje. Programu ya Kiwix nayo inawapa Wikipedia bila mtandao. Kama mashine hazikubali Windows 11, wekeni Linux, mfumo endeshi wa bure, maana usaidizi wa Windows 10 ulikoma Oktoba 14, 2025.

Forodha_Kwanza
Hapa kuna jambo wengi hulisahau. Kompyuta mbovu kisheria inaweza kuhesabiwa taka. Tangu Januari 1, 2025, chini ya Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa wa kudhibiti usafirishaji wa taka hatari, taka zote za kielektroniki zinahitaji idhini ya nchi inayopokea kabla hazijasafirishwa. Marekani ilisaini mkataba huo lakini haijauridhia, na nchi wanachama haziruhusiwi kupokea taka hizo kutoka kwa asiye mwanachama bila makubaliano maalumu. Daini orodha yenye namba ya kila mashine, matokeo ya kupimwa kwake na uthibitisho kwamba diski imefutwa. Mashine zifungwe moja moja; zikirundikwa ovyo kontenani, mkaguzi anaweza kuzihesabu taka.

Mwl_Tehama
Shukrani. Ushuru na gharama za bandarini je?

Forodha_Kwanza
Taja mlipaji kwa jina kwenye makubaliano, na barua ya msamaha wa ushuru ipatikane kabla meli haijaondoka. Kontena likikwama, ada ya kuhifadhi mzigo hupanda kila siku. Andikeni pia nani atazichukua mashine zikifa.