GMAT baada ya miezi mitatu: hisabati nianzie wapi?

Swali
Wakuu, nina miezi mitatu kabla ya GMAT, ule mtihani wa kujiunga na masomo ya uzamili ya biashara. Jioni napata saa moja na nusu, Jumamosi saa nne. Hisabati niliiacha kidato cha nne. Nianze na jiometri? Mitihani kamili ya majaribio nifanye lini?

Jibu 1
Jiometri weka kando kabisa, mkuu. Muundo ulioanza mwishoni mwa 2023 umeiondoa kwenye sehemu ya hisabati. Yamebaki maswali 21 ya hesabu na aljebra kwa dakika 45, bila kikokotoo. Kwa hiyo wiki mbili za kwanza ni sehemu, asilimia na uwiano, kwa kalamu na karatasi tu. Zikae kichwani: 1/8 ni 12.5%, 3/8 ni 37.5%. Bei ikipanda 20% kisha ikashuka 20%, wengi hujibu haijabadilika, kumbe 1.2 × 0.8 = 0.96, imepungua 4%. Baada ya hapo namba tasa, vigawo, KDS (kigawe kidogo cha shirika) na vipeo, halafu milinganyo na mafumbo ya kasi na kazi. Usivuke mada hadi upate maswali manane kati ya kumi bila kutazama saa.

Jibu 2
Naongezea yale maswali ya "taarifa hizi zinatosha?", ambayo sasa yako sehemu ya uchambuzi wa data. Mfano: je, x ni chanya? Taarifa ya kwanza, x² = 9. Haitoshi, maana x yaweza kuwa −3. Ya pili, x³ = 27. Inatosha. Watu huanguka kwa kudhani kila x ni namba nzima chanya, basi jaribu 0, −1 na 1/2 kabla ya kuamua.

Jibu 3
Mitihani miwili ya bure ya mba.com, tovuti rasmi ya GMAT, usiimalize mapema, maana ukiirudia utakutana na maswali uliyokwisha kuyaona na alama itakudanganya. Wa kwanza mwisho wa mwezi wa pili, wa pili wiki mbili kabla ya siku yenyewe. Katikati fanya seti za maswali 21 kwa dakika 45, yaani kama dakika mbili kila swali. Likifika dakika tatu, kisia, liwekee alama, songa. Mwishoni unaruhusiwa kubadilisha majibu matatu tu kwa kila sehemu, na kuacha maswali bila kujibu kunakata alama. Kila kosa liandike daftarini pamoja na sababu: kanuni, kusoma vibaya, au hesabu kuteleza. Lirudie baada ya wiki bila kuangalia suluhisho.