Etel Adnan na mlima wake mmoja: tunaangalia nini hasa?

Mchora Mabango
Wakuu, heshima kwenu. Nimeazimwa kitabu cha maonyesho ya kazi za maisha yote za mchoraji Etel Adnan, yale ya jumba la sanaa la Guggenheim, New York, ya 2021. Mimi riziki yangu ni mabango, brashi naishika kila siku, sisemi kama mtu wa pembeni. Kila ukurasa mlima! Leo wa kijani, kesho wa zambarau, na mraba mwekundu umebandikwa popote. Turubai zenyewe unabeba kwapani. Huyu mama alikuwa anarudia kwa sababu zinauzika, au kuna kitu sikioni?

Bi Zari
Zinauzika wapi, ndugu yangu? Alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1950, akifundisha falsafa California. Dunia ya sanaa ilimshtukia 2012 kwenye Documenta, yale maonyesho makubwa ya sanaa ya Kassel, Ujerumani, bibi ana miaka 87. Hiyo biashara gani?

Kando ya Dirisha
Mkuu, hayo maonyesho niliyaona, na kitabu kinakunyima nusu ya mambo. Picha hizo hazikupakwa kwa brashi. Alilaza turubai mezani, akatandaza rangi ya mafuta kwa kisu, mara nyingi akaimaliza kwa mkao mmoja. Ukisimama ubavuni mwa picha unaona pale kisu kilipoinuliwa, rangi imebaki na ukingo. Wewe bango unaanza na mstari, halafu unajaza. Yeye hana mstari: mlima unaishia pale rangi ya mbingu inapousukuma. Ziba kilele kwa kidole uone picha inavyolegea.

Mlima wenyewe ni Tamalpais, aliuona kutoka nyumbani kwake Sausalito, huko California. Mita 784 hivi, mtu wa Kilimanjaro atacheka. Lakini kumbuka huyu alizaliwa Beirut 1925, mama Mgiriki, baba Msyria. Akasoma Paris, akahamia Marekani, akarudi Beirut 1972, vita vikamtoa tena. Na hata alipokuwa Paris, mlima hauonekani, aliendelea kuuchora kwa kichwa. Mimi hapo ndipo kurudia kulipoacha kunikera. Wengi siku ile niliyokwenda Guggenheim walipitiliza ghorofa za juu kwenye picha za Kandinsky, mchoraji maarufu wa Kirusi, naye mhamaji, wakamwacha bibi chini. Alifariki Paris Novemba 2021, picha zikiwa bado ukutani.

Bi Zari
Tafuta pia vile vitabu vyake vya karatasi ya kukunja, vinavyofunguka mezani kama ukanda. Mimi navipenda kuliko milima.

Mchora Mabango
Nimejaribu kisu kwenye kipande cha plaiwudi. Rangi yangu ya mabango inachuruzika tu, ukingo haukai.

Kando ya Dirisha
Hiyo ni nyepesi mno. Chukua rangi ya mafuta ya tyubu, usitie tapentaini hata tone, na plaiwudi ilaze. Halafu usiirudierudie, ukikosea kwangua yote.