NAS ya studio inasahau setingi umeme ukikatika, msaada wakuu

Picha_Mwanjelwa
Habari za jioni wakuu. Mi nina studio ndogo ya picha na video hapa Mwanjelwa, Mbeya, tunapiga harusi, sendofu, vipaimara, mahafali, na kazi zote zinakaa kwenye NAS (kisanduku cha diski kinachounganishwa na mtandao wa ofisi) ya diski mbili, ile RAID 1 ambayo diski moja inakuwa nakala ya mwenzake. Ni ya zamani, waliotengeneza walishaacha kutoa apdeti zake. Sasa tangu mvua zianze umeme unakatika sana, ukirudi NAS inawaka vizuri tu ila setingi imesahau. Tarehe inaonyesha 1 Januari 1970, kwenye laptopu drive Z inaweka alama nyekundu, na kuna siku pasiwedi ya admin inakataa kabisa. Nikizima nikawasha tena mara nyingine kila kitu kinarudi, mara nyingine wapi. Fundi mmoja kaniambia niirizeti nianze upya, nimesita maana humo kuna kazi za watu hawajachukua, kuna video za wazee ambao wameshatangulia mbele za haki na familia zinakuja kuziulizia. Nianzie wapi?

mdau_wa_Uyole
Tarehe ikirudi 1970 hiyo ni betri ya saa mkuu. Hizi NAS nyingi ndani ni Linux, na Linux inahesabu muda kuanzia 1 Januari 1970, kwahiyo betri ikifa saa inaanza sifuri. Fungua, utakuta kibetri cha duara CR2032, pima kwa multimita, mpya inasoma volti 3 na zaidi kidogo, ikiwa chini ya 2.8 toa weka nyingine. Baadhi ya mazabodi wameichomelea kabisa, hapo tafuta yenye miguu yake au weka kishikilio, usije ukachomelea betri yenyewe moja kwa moja maana lithiamu ikipata joto inaweza kupasuka. Na usidharau saa kuwa mbovu, kama umeweka ule usalama wa kodi za simuni zinazobadilika kila sekunde 30 lazima zigome, bakapu za usiku haziendi, na ukiingia kwa https brauza inakwambia cheti hakijaanza kutumika.

Kamwene_Mafinga
Kamwene wadau. Betri ni kweli ila naona haimalizi, saa kupotea hakubadilishi pasiwedi. Mkuu naomba unijibu hili kabla hujagusa kitu, siku pasiwedi yako ikikataa, inakubali ile ya kiwandani, au ya zamani uliyowahi kuitumia? Na mafolda ya karibuni siku hiyo unayaona?

Picha_Mwanjelwa
Kiongozi umenishtua. Nimejaribu sasa hivi, inakubali pasiwedi ya zamani tuliyoiacha muda mrefu, na folda za harusi za mwaka huu hakuna hata moja, zipo za nyuma tu!

Kamwene_Mafinga
Basi hiyo mashine haisahau, inakumbuka ya zamani. Na hapa ndipo pa kuwa makini kweli.

Iko hivi. NAS nyingi za aina hiyo zinaweka mfumo na setingi kwenye kipande kidogo cha kila diski, pembeni ya data zako. Inavyoonekana diski yako moja ilishadondoka kwenye kundi la RAID siku nyingi, labda kwa kebo au umeme, na taa hamkuiangalia au haikuwaka. Tangu hapo nzima inaendelea kuandikwa, ile nyingine imebaki na setingi na mafaili ya siku ile ile iliyodondoka. Siku diski nzima ikiwahi kuamka unaona kila kitu kipo. Siku ikichelewa, NAS inawaka na ile ya zamani peke yake, na yenyewe haijui kama iliachwa nyuma.

Kwanini ichelewe? Mi naishuku adapta. Diski ya inchi 3.5 wakati inaanza kuzunguka inavuta hadi ampea 2 hivi kwenye volti 12, zako ziko mbili zinaanza pamoja, na adapta iliyozeeka volti zinashuka pale pale.

Hatari kubwa ni kwamba ikiamka na ya zamani af ikaja kuiona nzima, inaweza kukuletea meseji ya kurekebisha kundi. Ukikubali inanakili ya zamani juu ya nzima na harusi za mwaka huu ndio basi tena. Kurizeti vilevile usithubutu. Izime, toa diski zote mbili, ziandike kwa maka pen ya kushoto na ya kulia ujue ipi ilikaa wapi.

Tafuta kebo ya SATA kwenda USB na flashi yenye Linux Mint. Usichomeke kwenye Windows, haisomi ext4 (mpangilio wa mafaili wa Linux), itakuomba uformati na kuna kijana wa ofisini atabofya ndiyo. Kwenye Linux chomeka diski moja moja, `mdadm --examine` (amri ya kukagua diski za RAID) itakuonyesha namba ya Events, yaani hesabu ya mabadiliko, ya kila diski, iliyo kubwa kwa kawaida ndio mpya, ila kwako isikutoshe maana ile ya zamani nayo imekuwa ikiwaka peke yake na namba yake imepanda, na tarehe ndio hiyo ya 1970 haiaminiki. Angalia mafaili yenyewe. Liwashe kundi kwa `mdadm --assemble --run --readonly`, af maunti kwa `-o ro,noload` ili isiandike chochote, ukiona harusi za mwaka huu ndio yenyewe. Nakili kila kitu kwenye diski ya nje. Ya pili pia nakili, kama kuna siku mlihifadhi kazi wakati imewaka ya zamani, hizo ziko kule tu.

dada_Tukuyu
Huyo wa Mafinga msikilize. Naongezea hiyo drive Z, hata ukimaliza yote alama nyekundu inaweza kurudi kwasababu umeme ukirudi ruta inaigawia NAS anwani nyingine, ingia kwenye ruta uifungie anwani moja kwa MAC yake (namba ya utambulisho ya kifaa kwenye mtandao). Na jamani kama mmeifungulia intaneti muweze kuingia mkiwa nje, funga leo hii. Juni 2021 watu wenye My Book Live walikuta data zimefutwa zote, zilirizetiwa na watu wa nje kupitia intaneti, na zile nazo zilikuwa hazipati apdeti tangu 2015. Ya kwako iko kundi hilo hilo. Huku kwetu Rungwe na radi zake mi naweka UPS na kebo ya mtandao naichomoa wingu likifunga.

Picha_Mwanjelwa
Mungu awabariki wakuu. Diski ya kulia ndio ina harusi za mwaka huu zote, nanakili sasa hivi, ya kushoto inafuata maana nimeona folda mbili za sendofu ziko kule tu, mteja alikuwa anatulaumu tumepoteza. Betri imesoma 1.9. Adapta imeandikwa 12V 5A na imevimba kidogo ubavuni, naweza kutumia hizi za kamera za CCTV? Kabwe zimejaa.

Kamwene_Mafinga
Inafaa ila volti ziwe 12 kamili, ampea 5 au zaidi, na angalia mchoro wa plagi, chanya iwe katikati kama ya zamani, na tundu lenyewe likae vizuri maana zipo za 2.1 na 2.5 zinafanana kwa macho. Iwashe kwanza bila diski upime. Na diski ya kushoto usiirudishe humo hata nakala ikiisha, endesha `smartctl -a` (inasoma afya ya diski) uone namba 5 na 197, ndio zinahesabu sehemu mbovu za diski, zikiwa juu ya sifuri nunua nyingine.

Picha_Mwanjelwa
Ya kushoto namba 197 inasoma 48, ya kulia sifuri zote. Kesho natafuta diski mpya.